Ndondi je, na ardhi ile ya Naguru je?

Wasikilizaji, hotuba ya bajeti mmeisikia, na vijiweni imeshachambuliwa mpaka ikabaki mifupa. Viwanja, viwanja, viwanja. Namboole, Hoima, na AFCON ya 2027 tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Hatuna ugomvi na kandanda. Tunauliza tu: ndondi je? Na ardhi ile ya Naguru, hapa Kampala, je?

Uganda hii ilijulikana kwa ngumi kabla ulimwengu haujawajua wanariadha wetu Kiprotich na Cheptegei. Medali zetu za kwanza kabisa za Olimpiki zililetwa na mabondia, Mexico City, mwaka 1968: Eridadi Mukwanga fedha, Leo Rwabwogo shaba. Munich, 1972, Rwabwogo akarudi ulingoni akaondoka na fedha. Hata rais wetu mmoja, Idi Amin, aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa taifa, ila huyo leo tumwache alipo.

Tumzungumzie Ayub Kalule. Mwaka 1974 alitwaa dhahabu mbili, moja Christchurch kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, nyingine Havana kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa. Ikafika 1976, nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki ya Montreal, Uganda ikiwamo. Kalule alikuwa ameshakwenda Denmark na kuanza ngumi za kulipwa. Oktoba 1979, mjini Akita, alimfuata Masashi Kudo huko huko kwao Japani, wakapigana raundi 15, na Kalule akashinda kwa pointi. Bingwa wa dunia wa WBA. Mganda wa kwanza. Hapa nyumbani vita vya kumng'oa Amin vilikuwa vimeisha miezi michache tu kabla ya hapo.

Mkanda ule aliutetea mara nne, zote huko Denmark. Kampala hakuutetea hata mara moja. Juni 1981, Houston, Sugar Ray Leonard akamsimamisha raundi ya tisa, na kwa furaha Leonard akapiga sarakasi pale pale ulingoni. Mtu hapigi sarakasi kwa kumshinda bondia wa kubahatisha. Kalule alikuwa ameingia na mapambano 36 bila kupoteza hata moja.

Na John Mugabi, yule waliyemwita Mnyama. Moscow 1980 alileta fedha, medali pekee ya Uganda mwaka ule. Alipokwenda kukutana na Marvin Hagler huko Las Vegas, Machi 1986, kila pambano alilokuwa ameshinda kwenye ngumi za kulipwa alikuwa amelimaliza kwa nokauti. Hagler alimwangusha, lakini ilimchukua raundi 11. Mwaka 1989 Mugabi naye akapata mkanda wa dunia, wa WBC. Cornelius Boza-Edwards alikuwa ameshatwaa wake tangu 1981, akitokea Uingereza.

Denmark, Uingereza, Marekani. Kila bingwa tuliyempata, tumempata kwa kumsikiliza redioni. Promota wa nje, ulingo wa nje, watazamaji wa nje. Sisi tulitoa mtu tu.

Sasa turudi Naguru. Nyumba zile za wafanyakazi zilizojengwa zama za mkoloni, Naguru na Nakawa, zilibomolewa Julai 2011. Matingatinga yaliingia, familia zaidi ya elfu moja zikatawanyika na magodoro yao. Tuliahidiwa mji wa kisasa. Jiwe la msingi tuliwekewa. Kisha majani yakaota, mwaka baada ya mwaka, na tulichokisikia zaidi ni nani kagawiwa kipande gani. Wakati huo wote, nani alitamka neno ulingo? Ardhi ile, wasikilizaji! Ekari zaidi ya mia moja na sitini, na ndondi haikupata hata upana wa banda.

Na vijana bado wapo. Pita Naguru alfajiri uwaone wakipanda kilima, kofia za sweta kichwani, wakirusha ngumi hewani huku boda boda zikiwakwepa. Klabu ya East Coast ingali inatoa mabondia. Kwenye mazoezi ya vijana wetu utaona pea moja ya glovu ikizunguka kwa watatu: wa kwanza akivua, wa pili anaingiza mikono kwenye jasho la mwenzake, wa tatu anangoja na vitambaa vyake vimefungwa tayari. Sasa huyu ndiye tunayemtaka atuletee medali?

Tunasema tena: ardhi ile. Hatuombi uwanja wa maelfu ya watu. Tunaomba ukumbi mmoja wa ngumi Naguru, wenye ulingo, paa lisilovuja, taa na bafu. Mbunge wa eneo, lisemee bungeni. Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, lionyesheni kwenye ramani. Wazee wetu mliowahi kupigana, njooni muwashike mkono hawa watoto. Na ninyi wasikilizaji, msikae kimya! Kiongozi akija mtaani kuomba kura, msimuulize habari za AFCON. Muulizeni ukumbi uko wapi. Akijibu kwa viwanja, muulizeni tena. Akipanda gari, mfuateni dirishani mumuulize: ardhi ile ya Naguru, ulingo wetu utakaa upande gani?