BANJO NI MALI YA MWAFRIKA
Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya wanachama, Msangeni, Upare



Leo nitazungumza habari za muziki, lakini msidhani nimeiacha siasa. Mkoloni alichukua ardhi, kisha akatufundisha kuvionea aibu vitu vyetu. Ardhi ikirudi na aibu ikabaki, kazi haijaisha.

Wengi wetu tukiona picha ya banjo, imo mikononi mwa Mzungu wa mashambani huko Marekani, nasi husema, “Hicho ni chombo cha Wazungu.” Sivyo hata kidogo! Waafrika waliofungwa minyororo hawakuruhusiwa kubeba mizigo, lakini ujuzi waliubeba vichwani. Walipofikishwa ng’ambo walitafuta kibuyu, wakakiwamba ngozi, wakapenyeza mti, wakafunga nyuzi. Daktari Hans Sloane, aliyefika Jamaika mwaka 1687, aliviona vyombo hivyo, na picha yake ikachapwa katika kitabu chake cha mwaka 1707. Mpaka leo Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga akonting, kibuyu chenye nyuzi tatu, mmoja mfupi wa kidole gumba. Na banjo nayo ina uzi mfupi wa gumba.

Katika miaka ya 1830 Joel Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyejifunza kwa watu weusi, aliipiga jukwaani. Mwaka 1843, mjini New York, Wazungu wanne walioitwa Virginia Minstrels walijipaka masizi usoni, wakashika banjo, wakawachekesha watu kwa kumdhihaki Mwafrika. Chombo wamekichukua, mwenyewe wanamcheka! Si ajabu kwamba baadaye watu weusi wengi waliiacha. Katika siku zetu Rhiannon Giddens wa North Carolina ameirudisha kwa wenyewe, baada ya kufundishwa na mzee Joe Thompson, mpiga fidla.

Ndugu zangu, jambo hili halikuwa Marekani tu. Watu wa mwambao wetu walipelekwa utumwani katika kisiwa cha Réunion. Huko kayamba yetu bado inaitwa kayamb, nayo hupigwa katika maloya, muziki ambao UNESCO iliuandika mwaka 2009 kuwa urithi wa binadamu wote.

Na sisi je? Zeze la Wagogo pia ni kibuyu, ngozi na mti. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipiga mbele ya mataifa bila haya. Mwalimu Nyerere naye, tarehe 10 Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni, aliwasuta wasomi waliojivunia dansi za Ulaya huku ngoma za kwao hawazijui.

Simkatazi Mzungu kupiga banjo, wala kijana wetu kupiga gitaa. Nakataa kusahau. Basi naomba mkutano huu ukubali neno moja: kabla ya kukutana tena, kila kijana amwendee mzee mmoja, aandike jina la chombo, mti wake, ngozi yake, na siku kilipopigwa. Daftari hizo tuziweke shuleni. Mzee akizikwa na ujuzi wake, hakuna serikali itakayoturudishia.

Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa. Minyororo ya miguuni imekatika. Tuikate na hii ya moyoni.

Uhuru na Umoja!