Ganzi ya Mkono na Kizunguzungu: Tuulize Kabla ya Kutoza Faini

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maji za vijiji)



Mmezoea kwamba tukisimama hapa tunazungumza juu ya mabomba, saruji na michango. Leo tunaomba tuzungumze juu ya shingo na mkono, na tunaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Wakati wa kuchimba mtaro wa bomba, mama mmoja wa kikundi aliangusha debe la mchanga mara mbili kwa siku moja. Msaragambo uliofuata hakufika. Kamati ikamwandikia faini, na sisi wa ofisi ya miradi tukaitia sahihi. Aliilipa kwa kuuza kuku wake. Wengine walisema ni mvivu, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mama, mkono una nini?"

Tulikuja kujua baada ya miezi miwili. Kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimekufa ganzi. Maumivu yalimshuka kutoka shingoni kupitia begani kama shoti ya umeme. Tena kila akisimama kwa haraka alipatwa na kizunguzungu, akashika mgomba asianguke.

Wapendwa, shingo ina pingili 7. Katikati ya pingili nyingi kuna kitu laini mfano wa mto, nacho huitwa diski. Pembeni mwa pingili hutoka mishipa ya fahamu, na ile ya sehemu ya chini ya shingo ndiyo inayokwenda mikononi hadi vidoleni. Diski ikichomoza, au mfupa ukiota kwa ajili ya umri, mshipa hubanwa. Ninyi watu wa maji mtaelewa upesi: mtu akikanyaga mpira wa kumwagilia bustani, maji hukatika kule mwisho, lakini mwisho hauna kosa. Vivyo hivyo vidole hulalamika, kumbe tatizo liko shingoni.

Umri peke yake unatosha kuchakaza diski, hata kwa mtu asiyebeba mzigo. Lakini mshipa ukiisha kubanwa, mzigo wa kichwani huongeza mateso. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Weka na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare, weka na mkungu wa ndizi siku ya soko, halafu msaragambo. Mara nyingi shingo inayobeba vyote hivyo ni moja, nayo ni ya mama.

Si kila ganzi hutoka shingoni. Ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, inayomwamsha mtu usiku akaukung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa uliobanwa kwenye kiwiko cha mkono karibu na kiganja. Huwapata sana wajawazito na wenye kisukari. Doa la ngozi lililopauka na lisilo na hisia linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika, na dawa zake hutolewa bure. Kwa hiyo ukifika zahanati, usiseme tu "mkono unauma". Taja ni vidole vipi, ni saa ngapi, na ni mkao gani unaozidisha.

Na kizunguzungu je? Hapa tulijifunza jambo kubwa. Sisi tulidhani ganzi na kizunguzungu vina chanzo kimoja. Si kawaida mshipa wa mkono uliobanwa kuleta kizunguzungu. Mama yule alipimwa shinikizo la damu, sukari, damu na masikio, ikaonekana ana upungufu wa damu. Yalikuwa magonjwa mawili katika mwili mmoja, na kila moja lilikuwa na tiba yake. Angetibiwa shingo tu, angeendelea kuanguka.

Ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Mkono kulegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama: hicho huenda ni kiharusi. Ganzi ya mkono pamoja na kifua kubana: huenda ni moyo. Miguu kukosa nguvu, mikono kushindwa kufunga vifungo, au mkojo kushindwa kuzuilika: huenda uti wa mgongo wenyewe umebanwa. Maumivu ya shingo baada ya kuanguka, au yenye homa na kukonda, nayo yapelekwe hospitali mara moja.

Wasio na dalili hizo wasikate tamaa. Walio wengi hupata nafuu katika majuma kadhaa hadi miezi michache bila kupasuliwa, kwa dawa za maumivu walizoelekezwa, mazoezi mepesi ya shingo na bega, na kupunguza mizigo. Kulala kitandani mchana kutwa hakusaidii. Msikubali mtu yeyote awavute au kuwanyonga shingo kwa nguvu ili "ilie". Mkumbuke pia kwamba picha ya eksirei huonyesha mifupa, lakini mshipa wa fahamu hauonekani humo. Ndiyo maana wachache wasiopata nafuu hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama KCMC Moshi au MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Mama yule sasa ana nafuu, ingawa hajapona kabisa. Asubuhi za baridi gumba bado linamwasha, naye amejifunza kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama. Hupeleka lita 10 mara mbili badala ya 20 mara moja. Faini yake tulimrudishia mbele ya kikundi. Kuku alikuwa ameshauzwa.

Wajumbe, tunaleta maombi matatu. Kwanza, asitozwe faini mtu aliyeshindwa kazi kwa sababu ya mwili kabla hajaulizwa na kupelekwa zahanati. Pili, kazi nyepesi ihesabiwe sawa na nzito: kuandika mahudhurio, kushika kamba ya vipimo na kutunza vifaa vyote ni msaragambo. Kupika uji pia, ila masufuria yainuliwe na wenye nguvu. Tatu, toroli za mradi zisilale stoo siku za kawaida. Zikodishwe kwa bei nafuu kwa kubebea maji na majani, na akina baba tuwe wa kwanza kuzisukuma.

Katika Wagalatia sura ya 6 mtume Paulo anatuagiza juu ya mizigo. Sura hiyo tumeihubiri mara nyingi. Sasa tuiingize katika daftari la faini.