Asiyesikia hamu si mulozi, anayekumbuka mababu si mushenji

Maneno tuliyotoa katika kikao cha vijana, Kingi, Masisi



Mumezoea kutusikia tukisema juu ya bariere, juu ya barabara iliyoharibika, juu ya vita inayotukimbiza toka Masisi mpaka Walikale, toka Walikale mpaka Goma. Hayo tutaendelea kuyasema. Lakini leo tuko na jambo ingine. Wamoja kati yetu walituambia: "Hiyo muiache, watu watatucheka." Tukajiuliza: kama tunasimama mbele ya mutu mwenye bunduki, juu ya nini tuogope kicheko cha jirani?

Jambo lenyewe ni hili. Kati yetu kuko vijana wasiosikia hamu ya kulala na mutu, akuwe mwanaume ao mwanamuke. Wanapenda watu, wanacheka, wanalima, wanasoma, lakini ile hamu haiko. Kwa Kifaransa wanaitwa aseksueli. Na kati yao kuko wenye kufuata njia ya mababu, ile njia wamisionere waliita upagani. Mutu wa namna hiyo anabeba mizigo miwili juu ya kichwa kimoja.

Tuanze na kamarade wetu mumoja. Alituruhusu tuseme habari yake, lakini jina hapana.

Alizaliwa katika vilima vya Masisi, na koko yake ndiye alimulea. Kila mara kasiksi ilipoiva, koko alimwanga kidogo chini ya muti mbele ya watu kunywa, akiwataja wafu wa jamaa kwa majina yao, mumoja mumoja. Kamarade wetu alijifunza yale majina sawa vile watoto wengine wanajifunza Baba Yetu. Koko alipokufa, yeye akaendelea. Hata walipokimbilia kambini, fasi hakuna muti wala kasiksi, alimwanga maji juu ya jiwe la volkano na kuwataja.

Wanaume watatu walikuja kumuposa. Wote watatu aliwakataa kwa heshima. Shangazi yake akasema: "Huyu walimuroga." Wakamupeleka katika chumba cha maombi. Pale wakamuambia kwamba ako na bwana wa usiku, ni kusema pepo aliyemuoa kwa siri, ndiyo sababu hataki watu wenye mwili. Wakamufungisha siku tatu bila chakula wala maji. Alitoka pale akiwa muzaifu, lakini moyo wake ulikuwa ule ule.

Kisha jamaa ikamupeleka kwa muzee mumoja wa kimila. Alienda bila woga, juu ile ndiyo njia yake, akafikiri pale watamusikiliza. Muzee akamuambia: "Mababu wanataka mutoto. Kama hauzae, nani atawataja?"

Alipotusimulia, alisema hivi: "Ya pasta haikuniumiza sana. Ya muzee ndiyo ilinitoa machozi. Kwa kanisa nilikuwa mulozi, sasa hata kwa mababu niko na deni."

Wakamarade, hiyo ndiyo tunataka kujibu leo. Si kwa matusi, juu wazee wetu si adui. Tunataka kujibu kwa mambo ya mababu wenyewe.

Fikirieni Nyabingi. Jina lake linajulikana toka Rwanda mpaka Kigezi kule Uganda, na huku kwetu Kivu pia. Habari zake zinasimuliwa kwa namna mingi, lakini katika nyingi kati ya hizo alikuwa mwanamuke wa Ndorwa aliyekuwa na uwezo mukubwa, na roho yake ikaendelea kusema baada ya kufa. Watu walimwendea kwa ajili ya uzazi na mavuno, lakini yeye hawakumuita mama wa fulani. Walimuita Nyabingi, na ilitosha. Wanawake waliosema kwa jina lake waliheshimiwa hata na machifu. Muhumuza, aliyejulikana kama mujane wa Mwami Rwabugiri, aliongoza watu kwa jina hilo mpaka Waingereza wakamukamata mwaka 1911. Walimufunga Kampala mpaka alipokufa mwaka 1945. Wakoloni hawakuuliza aliolewa na nani, waliona nguvu yake na wakaiogopa. Na mwaka 1912 utawala wa kikoloni kule Uganda ukatoa sheria juu ya uchawi, ikatumiwa kuwafunga watu wa Nyabingi. Muone vile hilo neno "mulozi" lilitumika: lilikuwa kamba ya kufunga mwanamuke asiyetawalika.

Tuangalie pia upande wa Walikale. Kwa Wanyanga kulikuwa wasichana waliotolewa kwa roho, wakaitwa wake za roho. Hawakutolewa mahari na mwanaume kama wengine. Ni kusema, wazee wa zamani walikuwa na fasi kwa mwanamuke asiye na bwana. Jina lilikuwako, na heshima ilikuwako.

Lakini tusidanganyane. Hatukuja hapa kupaka historia rangi. Wale wasichana hawakuwa wote aseksueli. Wake za roho waliweza kuwa na wapenzi na kuzaa. Tena wengi hawakuchagua. Kwa Nyabingi pia, jamaa ilitoa musichana kama vile inatoa mbuzi ao ngombe, kusudi roho ipoe. Fasi ilikuwako, lakini mara mingi mutu aliingizwa ndani yake na wengine. Sisi hatutaki kurudisha hiyo. Tunachosema ni kidogo na ni wazi: mutu asiambie musichana wa leo kwamba mababu hawakujua kabisa mwanamuke asiyeolewa. Walimujua. Kazi yetu sisi vijana ni kufanya ile fasi ikuwe ya kuchagua.

Na muone ajabu ingine. Kile ambacho zamani kilikuwa heshima, kuitwa muke wa roho, leo katika vyumba vya maombi kimegeuka kuwa ugonjwa, "bwana wa usiku". Ni wazo lile lile, limevaa nguo ingine. Zamani roho ilimupa mwanamuke fasi. Leo inamunyanganya hata maji ya kunywa kwa siku tatu.

Kwa wakamarade Wakristo, na muko wengi hapa, tunauliza swali moja bila dharau. Masista wetu katika parokia hawaolewe. Mapadri hawaoe. Hakuna anayesema walirogwa. Tunawapelekea watoto wetu shuleni, tunawapelekea wagonjwa wetu. Kama tunaweza kuheshimu kutokuolewa kwa mutu aliyeweka ahadi mbele ya altari, juu ya nini tunashindwa kuheshimu kutokuolewa kwa mutu anayemwanga maji juu ya jiwe? Tunajua si jambo moja: sista anaweza kusikia hamu na akaiacha kwa ahadi yake, na aseksueli haisikie tangu mwanzo. Lakini kwa jirani anayeangalia toka inje, wote wawili wanastahili kitu kimoja: kuachwa na amani.

Wengine watasema: "Hiyo ni mambo ya Wazungu." Neno, ndiyo, lilitoka mbali. Mwaka 2001 kijana mumoja wa Marekani, David Jay, alianzisha mutandao wa watu wa namna hiyo, na leo tarehe 6 mwezi wa 4 ni siku yao duniani. Mutafiti Anthony Bogaert aliangalia majibu ya watu zaidi ya 18,000 wa Uingereza, na mwaka 2004 akaandika kwamba karibu mumoja kwa mia alisema hajawahi kuvutwa na mutu yeyote. Tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kinasema kwamba mutu anayejitambua kuwa aseksueli asihesabiwe mugonjwa kwa sababu hiyo. Neno lilitoka mbali, lakini mutu hakutoka mbali. Alizaliwa hapa, akabebwa mugongoni hapa. Hata neno malaria si la kwetu, na homa tunaisikia.

Sasa tuseme juu ya vita, kwa sababu hapa kwetu hakuna jambo vita haijaingia. Musichana akisema hataki mwanaume, watu wananong'ona: "Waliisha kumuharibu." Mutu aliyefanyiwa jeuri hajaharibika, hilo tuliweke kwanza. Pili, si kila asiyesikia hamu alifanyiwa jeuri. Ni mambo mawili tofauti, na tukiyachanganya tunawaumiza watu wa pande zote mbili. Kama umefanyiwa jeuri, usingoje: enda kituo cha afya mbele ya saa 72 kupita, juu dawa za kukinga ukimwi zinafanya kazi ndani ya saa hizo. Hata kama saa zimepita, enda tu, msaada bado uko. Na kama haukufanyiwa jeuri, na uko na amani vile uko, hauna cha kutibiwa.

Vita inaleta na hatari ingine. Jamaa iliyopoteza shamba na ngombe inaona mahari kama njia ya kupona. Baba anafikiri: akiolewa, tutakula. Ao: akiolewa na mwenye silaha, tutalindwa. Tunaelewa hiyo njaa, sisi pia tulilala chini ya shiti za plastiki. Lakini kumulazimisha mutu aolewe ni kosa mbele ya sheria. Sheria n° 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 inasema anayetumia mamlaka yake ya muzazi ao ya mulezi kulazimisha ndoa anaweza kufungwa toka mwaka 1 mpaka miaka 12, na kama aliyelazimishwa ni mutoto azabu inaongezwa. Kode ya Familia nayo inataka kila mumoja wa wanaooana akubali yeye mwenyewe. Shangazi hawezi kukubali kwa niaba yako. Hata pasta hawezi. Hata mababu.

Na juu ya njia ya mababu, Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kipengele cha 22, inampa kila mutu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini, peke yake ao pamoja na wengine, waziwazi ao kwa siri, kwa ibada, kwa mafundisho na kwa desturi, kama anaheshimu sheria na haki za wengine. Haikusema kanisa tu. Kumwanga maji na kutaja majina ya wafu hakuvunji haki ya mutu. Lakini kumuita mutu mulozi mbele ya watu, katika hizi inchi zetu za Kivu, ni sawa na kumwagia petroli. Munajua ginsi hiyo inaishaka. Hatuhitaji kuwaeleza.

Basi tunaomba mambo machache.

Wazazi: mutoto akikataa kuposwa, mumuulize sababu mara moja, kisha mukubali jibu lake. Kukataa kwake si matusi kwenu.

Wapasta: musifungishe mutu bila maji. Kama munataka kumuombea, mumuulize kwanza kama anataka.

Wazee wa kimila: mufungue ile fasi ya zamani, lakini safari hii aingie anayetaka.

Wakamarade wanaume: ukisikia "hapana", usigeuke kuwa dawa ya kumuponyesha. Kuko wavulana aseksueli pia, na nyinyi ndio munawacheka zaidi, munawaita si wanaume. Acheni.

Na wewe uliye hivyo, unayetusikiliza hapa nyuma, ao utakayesoma maneno haya usiku kwa simu: hatukuulizi ujionyeshe. Usalama wako ni mbele ya yote. Jua tu kwamba uko na watu.

Tumalizie na lile swali la muzee: "Kama hauzae, nani atawataja?" Tulilipeleka kwa kamarade wetu tena, siku moja tukiwa tumeikaa. Hakujibu kwa mudomo. Aliwaita watoto wa kaka yake, wanne, mudogo akiwa na miaka mitano. Akawaambia: "Anzeni." Wakaanza kutaja majina, toka babu wa babu mpaka koko. Yule mudogo akaruka jina moja, wakubwa wakamurudisha. Baba yao, mwenye kuzaa wote wanne, alikuwa amesimama pale. Yeye hayajui majina hata nusu.

Muzee, kama unatusikia: majina yako salama. Yule asiyezaa ndiye anayeyafundisha.