Utandawazi na Mamlaka ya Nchi: Funzo la Mpakani

(Mazungumzo kwa wananchi wa Maramba, Mkoa wa Tanga)

Neno utandawazi ni jipya, lakini jambo lenyewe si geni katika sehemu hizi. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kuugawa upwa huu kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba kuelekea Ziwa Jipe. Hakuna Mdigo wala Msegeju aliyeulizwa. Watu wa ukoo mmoja wakawekwa chini ya bendera mbili, na mstari huo, kwa sehemu kubwa, ndio mpaka wa Tanzania na Kenya hata leo. Kwa hiyo swali la nani anaamua mambo ya nchi, na anaamulia wapi, ni la zamani kwa wakazi wa Maramba.

Utazamwe mkonge. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na kufikia mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Bendera ya uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa, lakini bei ya katani haikupangwa Tanga wala Dar es Salaam. Viwanda vya ng'ambo vilipoanza kusokota kamba kwa nyuzi za plastiki, bei ikaanguka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Mashamba yakawa mali ya umma, bali soko halikuweza kutaifishwa. Mwishoni mwa karne ile mavuno yalikuwa yamebaki kiasi cha tani 20,000. Makosa ya uendeshaji yalikuwapo, wala si haki kuyaficha. Hata hivyo mkata mkonge wengi waliachishwa kazi kwa sababu ya maamuzi ya viwanda wasivyovijua hata kwa jina.

Je, dawa ni kufunga mlango? Hilo nalo limekwisha kujaribiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari 1977. Ilikuwa ni haki kamili ya dola huru. Lakini mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983, na walioubeba mzigo ni wale wenye wazazi, mashamba na wateja upande wa pili. Tena, ili kugawana mali ya Jumuiya, nchi tatu jirani zilihitaji usuluhishi wa Victor Umbricht, raia wa Uswisi. Majirani wasipoketi pamoja, wa mbali huitwa kuwagawia.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha mwaka 1999. Wapo wanaodai kwamba kukubali sheria za pamoja ni kupoteza mamlaka. Dai hilo halina msingi. Dola inayofuata sheria iliyoshiriki kuitunga imeyatumia mamlaka yake, haikuyatoa. Tofauti baina ya mwaka 1886 na mwaka 1999 ni moja: nani aliketi mezani.

Mfano ulio karibu zaidi ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kilomita 1,147 zimo Tanzania. Hata hivyo hisa 62 kwa mia ni za kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies. Mashirika ya umma ya Uganda na Tanzania yana 15 kwa mia kila moja, na kampuni ya China 8. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuulaumu mradi huo. Wengi walikasirika, na walikuwa na sababu: Ulaya ilijitajirisha kwa makaa na mafuta, kisha ikasimama kuwahubiria wengine. Lakini hasira haitoshi kuwa jibu. Mkulima aliyelipisha bomba shamba lake ana haki ya fidia kamili na kwa wakati, na haki hiyo imo katika sheria za Tanzania yenyewe. Vyombo vya nchi vikiilinda, mgeni hana la kusema. Vikiipuuza, mgeni amekwisha kufunguliwa mlango, naye ataingia akijiita mtetezi wa wanyonge.

Ndugu Wananchi, mamlaka ya nchi hayalindwi kwa bendera na wimbo peke yake. Yanalindwa na kiwanda kinachosokota katani hapa hapa badala ya kuisafirisha ghafi. Na wajumbe wanaoisoma mikataba kabla ya kutia saini. Na ujirani mwema unaoziwezesha nchi ndogo kusema kwa sauti moja mbele ya makampuni makubwa. Na kijiji ambacho mnyonge wake hupata haki bila kutafuta msemaji Ulaya.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atoke nje.