Amana ya Dola 600

 

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma, nimeambiwa niseme kidogo kuhusu kamari. Hukumu yake mnaijua, imo katika Suratul Maida aya ya 90, wala mimi si sheikh. Nitawaeleza niliyoyaona.

Mwaka 2004 nilikuwa nasoma Los Angeles. Wamarekani wana sikukuu ya wafanyakazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa hivyo wikendi huwa ya siku tatu. Tukaamua watu wanne twende Las Vegas, kutembea tu. Hilo "kutembea tu" mlishike. Ni mwendo wa kama saa nne kwa gari, jangwa kushoto na kulia, mara ghafla mataa. Jimbo lile la Nevada liliruhusu kamari mwaka 1931, na mji ukakulia humo. Kuna hoteli yenye umbo la piramidi, na chemchemi zinazocheza kwa muziki. Sitawadanganya, mji unapendeza. Anayekwambia haramu siku zote ina sura mbaya hajafika kule.

Ukumbi wa kamari hauna dirisha wala saa ya ukutani. Kama si saa ya mkononi, Maghribi ingetupita. Anayecheza huletewa pombe bure. Na ukitaka lifti ya kwenda chumbani, sharti upite katikati ya mashine.

Mwenzetu mmoja, kijana wa Pwani kama sisi, alinipa dola 600 nimuwekee. Ilikuwa pesa ya karo. Akaniambia, "Hata nikikulilia, usinipe." Saa tisa usiku akanigongea mlango. Wala hakulia. Alisema kwa upole, "Ndugu yangu, si pesa zangu hizo? Lete." Nikaona haya kubishana na mtu kwa mali yake. Nikampa.

Alikuwa akicheza ruleti, lile gurudumu lenye kijipira. Hebu tupige hesabu, maana vijana hudhani ni bahati. Gurudumu la Marekani lina nafasi 38: namba 1 hadi 36, na sufuri mbili. Namba yako ikitoka unalipwa 35 kwa 1. Haya, weka shilingi mia kwenye kila nafasi, usiache hata moja. Umetoa 3,800. Kijipira kiangukie popote, utapata mia yako na 3,500 juu yake, jumla 3,600. Umeshinda, na umepoteza mia mbili! Mwenye kasino hana haja ya kukuibia. Anataka ukae tu. Na hawa wa kubeti kwa simu siku hizi hesabu yao ni hiyo hiyo, ila wao hawakutoi hata nyumbani.

Alfajiri nilimkuta ameketi chini karibu na lifti, hana kitu. Tukasali chumbani, yeye nyuma yangu. Pesa za mafuta tulichanga watatu, na hakuna aliyenena mpaka Los Angeles. Muhula ule hakusoma.

Watu huniambia, pesa zilikuwa zake, wewe huna kosa. Lakini aliniwekea amana pamoja na sharti lake, nami sharti nililivunja kwa kuona haya. Nilimuuliza sheikh mmoja, akasema nikamuombe radhi kwanza, mengine baadaye.

Mwenzangu huyo sasa yuko hapa mjini, ana duka na watoto. Kila Ramadhani hunialika futari, na mara zote nimekwenda. Hatujawahi kuitaja Las Vegas. Mwaka huu amenialika Ijumaa hii.