Hati Yenye Mhuri, Ardhi ya Mwingine

Oktoba 2004, mama mmoja Mwingereza alikabidhiwa karatasi za mahakama nyumbani kwake Lapithos, kaskazini mwa Kupro. Zilikuwa za Kigiriki, lugha asiyoijua. Muda si mrefu hukumu ikatoka: nyumba na bwawa la kuogelea vibomolewe, ardhi arudishiwe mwenyewe.

Yeye na mumewe walinunua kwa hati ya utawala wa kaskazini, unaotambuliwa na Uturuki pekee. Mwenye ardhi alikuwa Mgiriki wa Kupro ambaye familia yake ilikimbia vita vya 1974. Hukumu iliwafuata hadi kwao: mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua itekelezwe huko.

Inaumiza, kwa sababu swali moja lingewaokoa: kabla ya 1974 kiwanja kilikuwa cha nani?

Anayenunua ughaibuni atafute wakili wake mwenyewe, si wa kuletewa na dalali, na mkataba wote utafsiriwe kabla ya kutoa hata arubuni. Dubai, kwa nyumba ambazo bado hazijajengwa, sheria ya 2007 inataka fedha ziwekwe kwenye akaunti ya amana ya mradi. Muuzaji akitaja akaunti yake binafsi, mazungumzo yaishie hapo.