Simu Ikae Nyumbani, Lakini Mtoto Apige Wapi?



Muhula ukikaribia, mzazi anaishika barua ya shule na kwenda nayo sokoni: reamu ya karatasi, fagio, jembe, ndoo, godoro. Chini kabisa, mara nyingi kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba simu hairuhusiwi. Shule iwe Uganda au Kenya, onyo hilo halikosekani. Mimi naliunga mkono. Ila nina dai langu juu yake.

Kenya iliumia mwaka 2015. Karatasi za mtihani wa kidato cha nne zilizunguka kwenye WhatsApp kabla ya wakati, na watahiniwa 5,101 wakafutiwa matokeo. Rwanda ilizuia simu shuleni mwaka 2018, na mwaka huohuo Ufaransa ikatunga sheria yake. UNESCO nayo, katika ripoti yake ya 2023, ilisema mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kabla akili haijarudi kwenye somo. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Piga hesabu mwenyewe.

Tena hapa kwetu mpakani mwa Kenya na Uganda kuna jambo zito kuliko mtihani. Kuna simu ambayo msichana hakununuliwa na mama wala shangazi. Kampa mtu mzima, na mtu huyo anapopiga saa nne usiku anataka apokewe. Malori yanalala Malaba, pesa inazunguka Busia, na simu ya namna hiyo ni mkono wa mtu uliopenya hadi bwenini. Wavulana nao wanabeti chini ya blanketi na karo ya baba. Kwa hiyo anayeniambia marufuku ni ukatili, mimi na yeye hatukubaliani.

Lakini tuwakumbuke hawa watoto wametoka wapi. Uganda ilifunga shule Machi 2020 ikazifungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, na hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu hivyo. Kenya ilikuwa imewarudisha wote Januari 2021. Ukiacha madarasa yaliyorudishwa kwa zamu, mtoto wa Busia ya Uganda alikaa karibu mwaka mzima akiwaona wenzake wa ng'ambo wakipita na sare. Darasa lake lilikuwa redio, na penye uwezo, simu ya mzazi. Mwalimu alituma kazi kwenye simu, mtoto akajibu kwenye simu. Kisha lango likafunguliwa, na kitu kilekile kikawa kosa la kufukuzwa. Mtoto huyo alistahili kuelezwa sababu. Wengi walipewa viboko na barua ya kwenda nyumbani.

Sasa mtazame mama anayeuza nafaka Busia ya Kenya na mtoto wake yuko bweni Tororo. Ana laini mbili. Akivuka, ile ya Uganda anaizima. Matroni anapiga, hapatikani. Wiki ya tatu, ya nne, mtoto hajasikia sauti ya nyumbani, wala hajui kama karo imelipwa au ataitwa jina mbele ya wenzake. Kwa mtoto wa bweni upande wa Kenya, uzito huo uliongezeka mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku wazazi kutembelea shule muhula wa tatu ili kulinda mitihani. Mtoto wa namna hiyo akitafuta katochi, ile simu ndogo ambayo upande wa Kenya huitwa kabambe, mimi siwezi kumweka kapu moja na anayebeti.

Na katochi hiyo haiingii yenyewe. Imo ndani ya mkate uliotobolewa, au imezikwa kwenye unga wa uji. Mwenye boda aliileta. Mwenye kibanda nyuma ya ua anaichaji kwa malipo na kuitunza mchana. Askari wa lango aliona akanyamaza. Hao wote ni watu wazima, na wengi wao ni wazazi wenye watoto katika shule hiyohiyo. Mwenye kibanda, ninakusemesha wewe: fedha unayopata kwa chaji mtoto ameitoa kwenye sabuni yake.

Halafu kuna hii tabia ya kuvunja simu kwa nyundo mbele ya gwaride, au kuzichoma wazazi wakitazama. Iachwe. Ni mali ya mtu, na pengine mwalimu anayeshika nyundo ana simu yake mfukoni, huipokea katikati ya somo. Kumrudisha mtoto nyumbani wiki mbili kunamnyima masomo mengi kuliko simu ilivyomnyima. Ichukuliwe, iandikwe kwenye daftari, mzazi aitwe, akabidhiwe mwenyewe mwisho wa muhula. Na kama ni ile simu ya mtu mzima anayepiga usiku, kazi ya shule ni kumtafuta aliyeitoa, kwa msaada wa polisi ikibidi, kabla ya kumwadhibu msichana.

Dai langu ni hili. Shule inayomwambia mtoto aache simu nyumbani iwe na simu yake, na muda wa maongezi ulipwe na shule, usitoke mfukoni mwa matroni. Iwe na siku na saa zinazojulikana za kila bweni. Faili la kila mtoto liwe na namba mbili, ya Kenya na ya Uganda, zijaribiwe siku ya kufungua, mzazi akiwa bado amesimama hapo. Gharama yake haifiki ile ya reamu tunazobeba.

Mzazi, ukienda kwenye mkutano wa shule muhula huu, kabla karo haijajadiliwa, inua mkono uulize: mwanangu akitaka kuongea nami Jumatano, atapiga kwa simu ipi, na nani atampa?